Shelfu ya viatu ya mbao kwa nyumba za Mtwara na Lindi: mwongozo kamili wa kuijenga mwenyewe

Kiatu cha ngozi kikifungiwa kabatini msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, hakichukui muda mrefu kuota ukungu. Unyevu wa pwani unaingia kila mahali, na pasipo na hewa ya kuuondoa ndipo unapokaa. Sasa tazama makabati ya viatu yanayouzwa madukani: ni ya chipibodi, yana milango, mgongo umezibwa na kitako kimelala sakafuni. Ukideki, maji yanaingia kwenye chipibodi kwa chini, inavimba kama andazi, skrubu zinalegea, na milango haifungi tena. Mchwa nao hawahitaji kualikwa mara mbili.

Ndiyo maana shelfu ninayoieleza hapa haina mlango, haina mgongo uliozibwa, na haigusi sakafu ila kwa miguu minne. Ngazi zake ni fito za mbao zilizoachana kidogo, ili hewa ipande na mchanga ushuke. Mchanga ni jambo kubwa kwetu. Mtu akitoka ufukweni Shangani au Msimbati anarudi nao kwenye soli, na ubao usio na upenyo unaukusanya hadi unakwangua viatu vyenyewe. Kwenye fito unaanguka chini, unafagia, basi.

Kazi hii haihitaji fundi mkubwa. Inahitaji mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata.

Vipimo kwanza, mbao baadaye

Kiatu cha kiume namba 44 kina urefu wa nje wa karibu sentimita 30, na jozi yake ikikaa sambamba inachukua upana wa sentimita 20 hadi 22. Jozi ya kike inataka kama 18, ya mtoto 15. Kwa hiyo kina cha sentimita 32 kinatosha karibu kila mtu nyumbani. Urefu wa wazi kati ya ngazi na ngazi ukiwa sentimita 17.5, viatu vya shule, raba na hata vya visigino vya wastani vitaingia bila kubanana.

Shelfu yetu basi ina upana wa sentimita 80, kimo cha 75 na kina cha 32, bila kuhesabu vibao vya nyuma ambavyo vinaongeza 2. Ina ngazi nne, ukihesabu na ya juu kabisa. Kila ngazi inabeba jozi tatu za watu wazima, au nne za wanawake na watoto, kwa hiyo jumla ni kati ya jozi 12 na 16.

Kabla hujaenda kununua chochote, pima pale utakapoiweka. Fungua mlango hadi mwisho uone kama hautaigonga. Kama ni barazani, angalia mvua ya upepo inafika wapi, maana paa la baraza nyingi ni fupi na mvua ya kwetu hailali wima. Ikibidi punguza upana, punguza huo tu, ukikumbuka kwamba urefu wa fito nao utapungua. Kina na kimo viache kama vilivyo.

Mbao zipi

Hapa ndipo ningekuomba usiharakishe, kwa sababu shelfu nyingi hufa kutokana na uchaguzi uliofanywa siku ya kwanza.

Kusini tumebarikiwa mbao ngumu. Mkongo na mninga ndizo zinazoheshimika zaidi: ni nzito, hazichezi sana zikishakauka, na mchwa huzikwepa kwa muda mrefu ikiwa ni kiini cha mti na si ile sehemu nyeupe ya pembeni. Mtiki nao unafaa sana, na miti yake imepandwa hapa hapa mkoani Lindi, kwenye shamba la Rondo. Mbao za msindano, zile laini nyeupe zinazotoka mashamba ya nyanda za juu kama Sao Hill huko Mufindi, ni rahisi kwa bei, nyepesi na zinakatika vizuri kwa msumeno wa mkono. Tatizo lake ni mchwa na maji.

Ushauri wangu ni kuchanganya. Miguu minne iwe ya mkongo, mninga au mtiki, kwa sababu mchwa wanapanda kutoka chini na maji ya kudeki yanagusa miguu tu. Fito na vibao vingine viwe vya msindano. Unapata shelfu nyepesi, gharama inashuka, na sehemu inayoshambuliwa ndiyo iliyo ngumu.

Ukifika kwa muuza mbao, inua kila ubao, weka jicho kwenye ncha moja na utazame hadi ncha ya pili. Uliopinda kidogo kwa upana unaweza kunyooshwa kwa randa. Uliojisokota uache, hautanyooka. Kataa wenye vifundo vikubwa vilivyolegea, kataa wenye matundu madogo yanayotoa unga, na uwe na mashaka na ubao mzito kupita kawaida ulio baridi mkononi, huo bado mbichi. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni na ubaki na risiti, hasa kwa mkongo na mninga. Mazao ya misitu husafirishwa kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, na mbao isiyo na karatasi inaweza kukuletea usumbufu njiani.

Utanunua hivi:

- Mbili kwa mbili (inchi) ya mbao ngumu, futi 12, moja. Hii ni miguu.
- Moja kwa nne (inchi) ya msindano, futi 12, nne. Tatu na kidogo ndizo zitakazotumika, kilichobaki ni akiba.
- Skrubu za inchi mbili, 40, na za inchi moja na nusu, 50.
- Gundi nyeupe ya mbao, chupa ndogo.
- Msasa namba 80, 120 na 220.
- Dawa ya kuzuia wadudu wa mbao, vanishi na thina.

Kuhusu skrubu, usichukue zile nyeusi za jipsamu hata kama ndizo zilizojaa dukani. Hewa yetu ina chumvi, nazo hushika kutu upesi na kuvunjika shingo. Omba za njano au nyeupe zilizopakwa zinki, na ukipata za shaba ni bora zaidi.

Mbao zikifika nyumbani, zilaze ndani juu ya vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite chini, uziache wiki mbili. Zinahitaji kuzoea hewa ya nyumba yako. Kama unaweza kuchagua wakati, fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba, mbao zikiwa kavu na vanishi ikikauka kwa siku moja.

Vifaa

Msumeno, futi kamba, skwea, penseli, randa, drili ya umeme au keekee ya mkono, biti za milimita 3 na 4, bisbisi, brashi. Jiriwa mbili zinarahisisha kazi, lakini kamba iliyofungwa na kukazwa kwa kijiti nayo inabana.

Kupasua ubao kwa urefu na kuuranda kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo. Ukishakata vipande kama ninavyoeleza hapa chini, vipeleke karakana yoyote yenye mashine, uwaambie wapasue katikati vile vya moja kwa nne, isipokuwa vibao viwili vya nyuma, na kuranda vyote pande zote. Utapata fito zenye upana wa karibu sentimita 4.5 na unene wa 2, na miguu ya 4.5 kwa 4.5. Mashine hazilingani, kwa hiyo pima ulichopewa. Kama miguu yako ni minene au myembamba zaidi, urefu wa fito utabadilika: chukua 80, toa unene wa miguu miwili.

Kukata

Miguu minne, kila mmoja sentimita 75. Ifunge pamoja baada ya kukata uone kama inalingana kabisa, kwa sababu tofauti ya milimita tatu tu itafanya shelfu icheze.

Kwenye moja kwa nne, kata kabla ya kupasua. Ubao wa futi 12 una sentimita 366, kwa hiyo unatoa vipande vitano vya sentimita 71, ambavyo vikipasuliwa ni fito 10. Unahitaji fito 24, yaani vipande 12: ubao wa kwanza na wa pili vinatoa kumi, wa tatu unatoa viwili. Kwenye huo wa tatu kata pia vipande vinne vya sentimita 32, ambavyo vikipasuliwa vitakuwa mataruma manane, yaani vibao vifupi vya ubavuni vinavyobeba fito. Bado utapata kibao kimoja cha nyuma cha sentimita 80. Cha pili kitoke kwenye ubao wa nne. Vibao hivi viwili vya nyuma usivipasue. Upana wao ndio utakaozuia shelfu isiyumbe kwenda kushoto na kulia.

Baada ya kuranda, punguza fito zote zifike sentimita 70.8. Hizo milimita mbili ni nafasi ya kuingia bila kulazimisha.

Vaa kitambaa au barakoa puani unapokata na kupiga msasa. Vumbi la mkongo na la mninga linachoma pua na kuleta chafya. Na kama msindano wako ni ule wa kijani uliotiwa dawa kwa ajili ya kupaulia, mabaki yake yasiingie jikoni kabisa. Moshi wake ni sumu, hata kama kuni zimeisha. Kwa kazi hii ya ndani ni afadhali kuchukua usiotiwa dawa.

Mbavu mbili

Lalisha miguu miwili sakafuni, sambamba, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje sentimita 32. Kutoka upande wa chini, weka alama kwenye kila mguu: sentimita 14.5, 34, 53.5 na 73. Hizo ni mahali pa ukingo wa juu wa kila taruma. Fito yenye unene wa 2 ikikaa juu yake, ngazi zitakuwa kwenye 16.5, 36, 55.5 na 75, na ngazi ya juu kabisa italingana na vichwa vya miguu.

Weka alama za miguu yote minne kwa pamoja ikiwa imefungwa, uchore mstari mmoja kwa skwea. Ukipima mguu mmoja mmoja utapata ngazi zilizoinama na hutajua kosa limeanzia wapi.

Paka gundi, weka taruma likisimama kwa ukingo wake, toboa, kisha kaza skrubu mbili za inchi mbili kila mwisho, zikipishana kidogo zisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Tundu la taruma liwe la milimita 4, la mguu milimita 3. Mbao ngumu haikubali skrubu bila tundu, itapasuka au itakata kichwa cha skrubu. Sugua skrubu kwenye mshumaa kabla ya kukaza, itaingia kwa urahisi. Sabuni inasaidia vilevile kuingiza lakini inavuta unyevu na kuleta kutu, kwa hiyo mshumaa ndio sahihi.

Kabla gundi haijashika, pima ulalo: kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ile nyingine. Zote mbili zinatakiwa zikaribie sentimita 81.5. Zikitofautiana, sukuma kona iliyo ndefu hadi zilingane. Ubavu wa pili ni sawasawa na wa kwanza, utaugeuza tu ili mataruma ya pande mbili yatazamane. Ziache hadi kesho yake.

Msasa, dawa na vanishi kabla ya kuunganisha

Wengi hupaka vanishi mwishoni. Kwa shelfu ya fito hilo ni kosa, kwa sababu brashi haiingii kwenye nafasi ya sentimita 1, na zile kingo zisizopakwa ndizo zinazonywa unyevu. Paka kila kipande kikiwa peke yake.

Anza msasa wa 80 kuondoa alama za mashine, kisha 120, umalize na 220, ukifuata nyuzi za mbao daima. Vunja ncha kali za fito kwa kuzungusha msasa, maana ndizo zitakazokwaruza ngozi ya viatu na vidole vya watoto. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke.

Dawa ya wadudu ipakwe kwanza, nje, ukiwa na glavu, na hasa kwenye ncha zilizokatwa, kwa sababu ncha hunyonya kuliko uso. Chovya ncha za chini za miguu kwenye kopo la dawa kwa dakika kadhaa. Watu wengi hutumia oili chafu ya magari, na kwa nguzo za uzio ni desturi ya siku nyingi. Ndani ya nyumba usiitumie. Harufu haiishi, inachafua viatu, na si kitu cha kugusa kila siku.

Dawa ikikauka kama kopo linavyoelekeza, paka vanishi mkono wa kwanza ukiwa mwepesi, umeongezwa thina kidogo ili iingie ndani. Ikikauka utahisi mbao imekuwa na vinyweleo. Pitisha msasa wa 220 kwa wepesi, futa, paka mkono wa pili, na wa tatu kwa miguu na ngazi ya juu. Fanya asubuhi. Mchana upepo wa kusi ukishaamka unaleta vumbi na mchanga juu ya vanishi mbichi.

Kama ungependa rangi badala ya vanishi, ni sawa kwa fito za msindano. Mkongo na mninga kuzifunika rangi ni kuzionea.

Kuunganisha

Lalisha mbavu mbili kifudifudi mahali palipo sawa, zikitazamana. Weka kibao cha nyuma cha kwanza juu, kikilingana na vichwa vya miguu, na cha pili chini, usawa wa ngazi ya kwanza. Kaza skrubu moja tu kila kona kwanza. Pima ulalo wa mgongo wote, unatakiwa ukaribie sentimita 109.7 pande zote mbili. Ukiridhika, ongeza skrubu ya pili kila kona. Hapo shelfu imeshakuwa ngumu, jaribu kuisukuma uone.

Isimamishe. Panga fito sita kwenye ngazi ya chini: moja ilingane na uso wa mbele, moja na uso wa nyuma, nne zigawane nafasi katikati. Kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 1 kitakusaidia kupima upenyo. Toboa sentimita 1 kutoka mwisho wa fito, ndipo skrubu ya inchi moja na nusu itakapoangukia katikati ya taruma. Panda ngazi moja baada ya nyingine kutoka chini, vinginevyo drili haitapata pa kuingia.

Fito usizitie gundi. Zishikwe na skrubu pekee.

Kama mama au dada wa nyumbani anavaa visigino vyembamba, kwenye ngazi yake sogeza fito mbili za nyuma zigusane ili kisigino kisitumbukie.

Sakafu za saruji mara nyingi si sawa. Weka shelfu mahali pake, tafuta mguu unaoelea, kisha uongezee kimo kwa raba. Kata vipande vitano vya soli ya ndala zilizochoka, ukubwa wa mguu, na uvigongelee chini kwa misumari midogo ya zinki au uvigandishe kwa gundi ya viatu. Pale panapoelea weka viwili. Raba hiyo inauinua mti juu ya maji ya kudeki, jambo ambalo vanishi peke yake haliwezi kulifanya milele.

Acha upenyo wa sentimita 5 kutoka ukutani. Nyumba yenye watoto wadogo, kaza kibao cha nyuma cha juu kwenye ukuta kwa skrubu ndefu na plagi, huku kipande cha mbao kikiziba huo upenyo katikati. Mtoto anaona ngazi, na ngazi kwake ni ya kupanda.

Matumizi

Wazee wapewe ngazi ya juu, bibi asilazimike kuinama kutafuta kandambili zake. Watoto chini. Kiatu kilicholowa kisipande shelfuni hadi kianikwe kivulini, hata kama fito zina hewa.

Mabuti ya shambani hayaingii, kimo chake kinazidi ngazi mbili. Na hata yangeingia, ningeyakatalia. Wakati wa kupulizia mikorosho dawa, mabuti yanarudi yamejaa unga wa salfa, na unga huo haufai kuwa karibu na mlango ambao watoto wanapita pekupeku. Ule ubao wa nne umebaki na zaidi ya mita mbili na nusu. Kata sentimita 80, kaza vigingi vinne vya mbao ngumu kutoka kwenye mabaki ya mbili kwa mbili, ugongelee kwenye ukuta wa nje, chini ya paa. Mabuti yaning'inizwe hapo, midomo ikitazama chini.

Kila mwezi hamisha shelfu, fagia mchanga, na uchunguze miguu na ukuta nyuma yake. Ukiona njia nyembamba ya udongo inapanda, hao ni mchwa. Vunja njia, tafuta ufa walikotokea kwenye sakafu, utie dawa humo na kuuziba kwa saruji. Fito ikivunjika au ikipinda, fungua skrubu mbili, kata nyingine kwenye akiba, paka vanishi pande zote nne na uirudishe.